Michoro Imetumika Wapi? Namna ya Kupima Anime za Zamani na za Sasa

Ukitaka chumba kizima cha hosteli kiache madesa, tamka sentensi moja tu: anime za zamani zilikuwa kali kuliko hizi za sasa. Basi. Mmoja atakwambia za zamani zilikuwa na stori, hizi mpya ni rangi na milipuko. Mwingine atajibu kwamba za zamani zinachosha, mtu anakunja ngumi episodi ya kwanza halafu anairusha episodi ya nne. Watabishana mpaka saa saba usiku, na kesho yake kuna testi.

Mjadala huu nausikia tangu sekondari na hauishi, kwa sababu kila upande una ushahidi wake na ushahidi wenyewe ni wa kweli. Tatizo lipo kwenye kipimo. Sisi tunaosoma ualimu tunaambiwa mapema kabisa kwenye kozi ya upimaji na tathmini: huwezi kusema mwanafunzi amefanya vizuri au vibaya mpaka ujue aliulizwa nini, alipewa muda gani na alikuwa na vifaa gani. Anime nayo iko hivyo hivyo. Kabla hujaipa alama, jua kwanza ilitengenezwaje. Makala hii inaeleza hilo, kisha inatoa mwongozo wa kusahihishia ambao mimi mwenyewe huutumia. Tahadhari tu: kuna matukio nitayafichua, hasa ya Fullmetal Alchemist na Evangelion. Kama bado hujaziangalia na unapenda kushtukizwa, ruka aya hizo.

Sekunde moja ina bei yake

Filamu hupitisha fremu 24 kila sekunde. Ukitaka kila fremu iwe na mchoro wake, katuni ya dakika 20 inahitaji michoro 28,800. Ukiamua kila mchoro ukae kwa fremu 2, bado ni 14,400. Kila mmoja unachorwa kwa mkono na kupakwa rangi kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, ile wanayoiita seli, kisha unapigwa picha.

Hiyo ndiyo hesabu iliyomkabili Osamu Tezuka alipotaka kuileta Tetsuwan Atomu, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Astro Boy, kwenye televisheni ya Japani kila wiki. Ilianza kuonyeshwa tarehe 1 Januari 1963. Tezuka hakuwa na pesa za Disney wala jeshi la wachoraji wa Disney, kwa hiyo akabana. Mchoro mmoja ukakaa kwa fremu 3, yaani michoro 8 kwa sekunde, na mara nyingi chini ya hapo. Mtu akiongea, mdomo peke yake unasogea, uso umetulia tuli. Kamera inatembezwa juu ya picha moja ili ionekane kama kuna mwendo. Atomu akiruka angani leo, michoro ile inahifadhiwa ili aruke nayo tena mwezi ujao. Kwa ubanaji huo zilitoka episodi 193 mpaka mwaka 1966.

Ukiangalia vizuri, vitu tunavyoviita "staili ya anime" vingi vimetokana na ubanaji huo. Yale macho yanayokodoa kwa sekunde tano huku upepo unavuma, zile mistari ya kasi nyuma ya mtu anayekimbia, yale mawazo ya mhusika yanayosikika wakati picha imesimama: zote ni njia za kusema jambo kubwa kwa michoro michache.

Tezuka alifanya na jambo la pili. Aliuza episodi zake kwa kituo cha televisheni kwa bei iliyokuwa chini ya gharama ya kuzitengeneza, akitegemea kufidia kwenye bidhaa zenye sura ya Atomu. Yeye alifidia. Lakini wengi huitaja bei hiyo kama moja ya sababu zilizoizoesha tasnia nzima kufanya kazi kwa bajeti finyu. Mpaka leo mchoraji chipukizi anayechora michoro ya kati, ile inayounganisha pozi moja na jingine, mara nyingi hulipwa kwa mchoro, na malipo ya mchoro mmoja ni yen mia chache tu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hupelekwa pia Korea Kusini, China, Ufilipino na Vietnam.

Kwa hiyo shika hili kabla hatujaendelea: kila anime ina mfuko wake wa michoro, na mfuko una mwisho. Kuna nadra zilizopewa mfuko mkubwa, mfano Akira ya Katsuhiro Otomo ya mwaka 1988, filamu ya dakika 124 iliyotumia seli zaidi ya 160,000. Humo hata midomo inafuata maneno sawasawa, maana sauti zilirekodiwa kwanza ndipo wachoraji wakachora. Zilizobaki zinabana. Unachotakiwa kukiangalia ni jinsi zilivyobana, na zilipoamua kutumia zimetumia wapi.

Kukimbizana na kitabu

Sasa turudi kwenye lawama dhidi ya za zamani: "zinachosha." Kila mtu ana mfano wake, na mfano maarufu zaidi ni ule wa sayari ya Namek kwenye Dragon Ball Z. Frieza anasema sayari italipuka baada ya dakika tano. Dakika tano hizo zikachukua karibu episodi kumi. Tukicheka tucheke, lakini kuna sababu.

Dragon Ball Z ilianza 1989, wakati Akira Toriyama bado anaandika manga yake kwenye jarida la Weekly Shonen Jump. Sura moja ilitoka kila wiki, na episodi moja ya anime nayo ilitoka kila wiki. Episodi ya dakika 20 na ushee inaweza kumeza sura moja na nusu au mbili bila shida. Piga hesabu mwenyewe: baada ya miezi michache anime imemfikia mwandishi na hakuna cha kuchora. Kusimamisha hairuhusiwi, maana kituo cha televisheni kimeshatenga saa na watangazaji wameshalipa. Ndipo ngumi inapokawia hewani. Mwaka 2009 Toei waliitoa upya kwa jina la Dragon Ball Kai wakiwa wameondoa ujazo, na sehemu iliyokuwa na episodi 194, mpaka mwisho wa vita na Cell, ikaingia kwenye episodi zisizofika 100. Yaani karibu nusu nzima ilikuwa ni kusubiri.

Njia nyingine ya kusubiri ni kutunga stori za pembeni ambazo hazimo kwenye manga, zile mashabiki tunaziita fila. Naruto ya kwanza, 2002 mpaka 2007, ina episodi 220, na kuanzia zile za mia na thelathini na kitu mpaka mwisho karibu zote ni fila. Ukijumlisha na Shippuden yenye episodi 500, Naruto ni episodi 720. Kwa dakika 23 kila moja ni saa 276, ambazo ni siku 11 na nusu bila kulala wala kwenda lekcha. Mwenye bando lake ajipange.

Ila tusiseme fila zote ni takataka. Dragon Ball Z ina episodi ambayo Goku na Piccolo wanakwenda kujifunza udereva ili wapate leseni. Haimo kwenye manga na haiongezi chochote kwenye vita, lakini muulize shabiki yeyote mkongwe, atakusimulia akicheka. Urefu ule ulitupa muda wa kukaa na wahusika wakati hakuna vita. Anayesema za zamani zilikuwa na stori, mara nyingi kinachomkaa moyoni ni kukaa huko.

Mfumo wa sasa

Mambo mawili yalibadilika. La kwanza ni vifaa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 studio zilihamia kwenye kompyuta, na seli zikaisha moja baada ya nyingine. Ya mwisho kuziacha ilikuwa Sazae-san, inayoonyeshwa tangu 1969, ambayo ilihama kabisa mwaka 2013. Kompyuta ilirahisisha rangi, mwanga na hasa mwendo wa kamera. Ile Attack on Titan ya 2013, Mikasa akipita katikati ya majengo na kamera ikimfuata nyuma kama nzi, kwa seli ingekuwa mateso.

La pili ni ratiba. Badala ya kuonyeshwa mwaka mzima bila kupumua, anime nyingi sasa hutoka kwa mafungu ya episodi 12 au 13, kisha zinasimama zisubiri manga iende mbele. Fila zimepungua sana. Bei yake ni kusubiri: kati ya sizoni ya kwanza na ya pili ya Attack on Titan ilipita miaka minne, na kile walichokiita sizoni ya mwisho kilianza Desemba 2020 na kumalizika Novemba 2023. Mtu angeweza kuanza digrii ya miaka mitatu na kuimaliza humo katikati.

Pesa nazo zina mfumo wake. Anime nyingi hugharamiwa na kamati ya uzalishaji: mchapishaji wa manga, kampuni ya muziki, televisheni na watengeneza midoli wanachanga, kisha wanagawana faida kwa kadiri walivyochanga. Studio inayochora mara nyingi ni kama fundi aliyepewa tenda. Nyumba ikipendeza na kupangishwa kwa bei kubwa, fundi ameshalipwa chake. Wapo wanaokwenda kinyume na mkondo, kama Kyoto Animation, inayojulikana kwa kuajiri wachoraji wake kwa mshahara na kuwafundisha yenyewe.

Katika mfumo huu mpya ndipo inapotoka lawama nyingine, kwamba za sasa ni urembo mtupu. Chukua Demon Slayer ya studio ya Ufotable, 2019. Episodi ya 19, Tanjiro dhidi ya Rui, ilizungumzwa dunia nzima, na filamu iliyofuata mwaka 2020, Mugen Train, ikaipiku Spirited Away kwa mauzo ya sinema nchini Japani. Watu wakasema ni michoro tu. Iangalie tena. Dakika za mwisho kweli zimemwagiwa michoro bila huruma, lakini kabla ya moto kuwaka tunarudishwa kwa baba yake Tanjiro, mtu mgonjwa, akicheza ngoma ya kimila kwenye theluji usiku kucha. Mbinu inayomwokoa Tanjiro ni ile ngoma. Mfuko umetumika pale pale stori ilipofika kilele. Zipo anime nyingi za miaka hii zilizomwaga michoro kama hiyo kwenye pambano ambalo huna sababu ya kujali nani anashinda, na baada ya mwezi hukumbuki hata jina la mhusika.

Stori moja, studio moja, mara mbili

Bahati nzuri tunayo karibu maabara ya kujaribia. Hiromu Arakawa alianza manga ya Fullmetal Alchemist mwaka 2001. Studio ya Bones iliifanya anime mwaka 2003 kwa episodi 51. Manga ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo katikati ya safari anime ikaachana nayo na kujitungia mwisho wake. Mwaka 2009 studio ile ile ikarudia kuanzia mwanzo, safari hii ikifuata manga, ambayo ilimalizika mwaka 2010 sambamba na anime. Hiyo ndiyo Brotherhood, episodi 64.

Linganisha tukio moja tu, la Nina Tucker. Baba yake ni mtaalamu wa kuunganisha viumbe, na ili asipoteze cheo chake serikalini anamuunganisha binti yake na mbwa wao. Kwenye Brotherhood tunakutana na Nina, tunampenda na tunampoteza ndani ya episodi moja, ya 4. Kwenye ile ya 2003 ndugu wawili, Edward na Alphonse, wanakaa nyumbani kwa akina Tucker wakijiandaa na mtihani. Nina anacheza nao, mke wa Hughes anajifungua, siku zinapita. Pigo linakuja episodi ya 7.

Nimewaonyesha wenzangu kadhaa matoleo yote mawili. La Brotherhood linawashtua. La 2003 linawanyamazisha. Michoro ya Brotherhood ni misafi zaidi, ila muda ndio unaofanya kazi hapo, na toleo la kwanza lilikuwa na muda.

Usikimbilie kumpa ushindi mzee, hata hivyo. Nenda mwisho. Ile ya 2003, kwa kuwa haikuwa na manga ya kuifuata, inamalizia kwa mafumbo ambayo mashabiki wanayabishania hadi leo, kisha filamu ya 2005 inampeleka Edward Ujerumani ya mwaka 1923. Brotherhood inafunga kila uzi iliouanzisha, kwa sababu mwandishi alijua anakokwenda. Kwa hiyo ipi bora? Mimi natoa alama mbili tofauti: mwanzo kwa ya kwanza, mwisho kwa ya pili. Mwalimu akisahihisha insha hutoa alama za utangulizi na za hitimisho mbalimbali, hakuna ajabu.

Picha isiyosogea

Mfano wa kuonyesha kwamba uchache wa michoro unaweza kuwa nguvu ni Neon Genesis Evangelion ya Hideaki Anno, 1995. Karibu na mwisho ratiba ilikuwa imewabana vibaya. Kuna tukio wasichana wawili, Asuka na Rei, wapo ndani ya lifti. Karibu dakika nzima hakuna kinachosogea, unasikia mashine tu. Ukiwa unaangalia unaanza kujikuna. Hao wawili hawapatani na hawana pa kukimbilia, na wewe pia huna. Baadaye Shinji anamshika Kaworu mkononi mwa roboti lake, na picha inasimama kama dakika moja huku Simfonia ya Tisa ya Beethoven ikiimba. Anasita kuua, nasi tunasita naye. Gharama ya michoro hapo ni karibu sifuri.

Kwa upande wa sasa, ipo A Silent Voice, filamu ya Kyoto Animation ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Naoko Yamada. Shoya alimwonea Shoko, msichana kiziwi, walipokuwa shule ya msingi. Akiwa mkubwa hawezi kumtazama mtu usoni, na filamu inalionyesha hilo kwa alama ya X iliyobandikwa kwenye nyuso za watu. X moja, mistari miwili. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuichora. Kisha michoro iliyookolewa hapo ikatumika kwenye mikono ya Shoko, maana lugha ya alama ndiyo sauti yake. Kila mwalimu mtarajiwa aiangalie hiyo filamu, hasa yule mwalimu wa darasa aliyekaa kimya wakati uonevu unaendelea, halafu siku ya lawama akamnyooshea kidole mtoto mmoja mbele ya wote.

Mwongozo wa kusahihishia

Haya ndiyo maswali manne ninayojiuliza kabla ya kutoa alama.

1. Ilikuwa na mfuko gani? Ya kila wiki kwa miaka mingi, ya episodi 12, au filamu ya sinema? Usiilinganishe Naruto nzima na filamu ya saa mbili.

2. Michoro mingi imetumika wapi, na je, hapo ndipo stori ilipo? Kama nguvu yote imeishia kwenye wimbo wa kufungulia, punguza alama.

3. Utulivu wake unafanya kazi gani? Picha iliyosimama kukufanya usubiri jambo ni tofauti na iliyosimama kwa sababu muda wa kipindi haujaisha.

4. Baada ya wiki mbili unakumbuka nini? Mtu, uamuzi fulani, au mwanga tu?

Ukitumia maswali haya utaona mgawanyo wa zamani na sasa unaanza kulegea. Frieren, ambayo sizoni yake ya kwanza ilitoka Septemba 2023 mpaka Machi 2024, ni mpya kabisa, lakini inaanzia pale ambapo stori nyingine zingemalizia: shetani mkuu ameshashindwa, mashujaa wanarudi nyumbani. Miaka 50 inapita haraka, Himmel anakufa mzee, na Frieren, anayeishi zaidi ya miaka elfu, analia kaburini kwa sababu hakujisumbua kumjua. Ina vita nzuri, ila muda wake mwingi anautumia kutembea na kukumbuka. Kile watu wanachokililia kwenye za zamani kimo humo, kwenye episodi 28, kama saa 11 tu.

Kuna sababu nyingine ya kupima hivi. Tunapoangalia, hatuko peke yetu kwenye hii biashara. Episodi ikichelewa wiki moja, mashabiki duniani kote wanatukana studio. Tukishangilia wingi wa michoro pekee, tunachoagiza ni mtu mwingine akeshe mezani kwa malipo ya mchoro mmoja mmoja. Tukijifunza kuisifia ile X ya A Silent Voice sawa na moto wa Tanjiro, tunasifia akili ya mchoraji pia, na akili haihitaji kukesha siku saba.

Boom likiingia au likizo ikifika, usianze na episodi 720. Tafuta episodi ya 6 na ya 7 za Fullmetal Alchemist ya 2003, kisha episodi ya 4 ya Brotherhood. Zote tatu ni kama saa moja na robo. Angalieni watu watatu au wanne, kila mtu ajibu yale maswali manne kwenye karatasi yake kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Halafu bishaneni. Ila kama kuna testi kesho yake, someni kwanza.